Malaria Imeondoka, Mbona Masomo Hayashiki?

Mtoto aliyelazwa kwa malaria ya ubongo akizinduka, akanywa uji, akamtambua mama yake na kutembea mwenyewe hadi chooni, wodi nzima hushukuru Mungu na kadi huandikwa "amepona". Kwa maana ya hospitali ni kweli, vimelea vimekwisha kwenye damu. Malalamiko huanza shule zikifunguliwa. Mwalimu anasema mtoto anaduwaa. Nyumbani anatumwa chumvi na kiberiti, anarudi na chumvi tu. Jedwali la kuzidisha alilokuwa analitiririsha limemtoka kichwani. Baba anasema ni uvivu, bibi anasema karogwa, na mwalimu, akichoka, anamhamishia dawati la nyuma.

Sisi tunaowapokea watoto hawa baada ya wodi tumezoea kuanza na maswali mawili ambayo mara nyingi hayamo kwenye kadi: alikaa bila fahamu kwa saa ngapi, na degedege ilimshika mara ngapi? Majibu hayo husaidia kubashiri darasani itakuwaje kuliko idadi ya vimelea iliyoandikwa maabara.

Tatizo lenyewe limepimwa vizuri, na limepimwa hapa kwetu. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, watafiti waliwafuatilia watoto wa miaka 5 hadi 12 waliougua malaria ya ubongo na kuwalinganisha na watoto wazima wa kaya na mitaa ile ile. Miezi 6 baada ya kutoka wodini, asilimia 21.4 ya waliougua walikuwa na upungufu wa kiakili, dhidi ya asilimia 5.8 ya wenzao. Matokeo hayo yalichapishwa 2007. Mwaka uliofuata yakatoka ya miaka 2 baada ya ugonjwa, na tofauti ilikuwa palepale: asilimia 26.3 dhidi ya 7.6. Kwa hiyo yale maneno ya "mwache, atakua, itaisha" si ya kutegemea. Kwa wengi inaisha. Kwa karibu mtoto mmoja kati ya wanne haiishi yenyewe.

Jambo ambalo hata baadhi ya wahudumu wa afya hawalitarajii ni kwamba kimelea hakiingii ndani ya ubongo. Plasmodium falciparum hubaki ndani ya chembe nyekundu za damu, na chembe hizo hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo. Zinapojazana, damu hupita kwa shida, oksijeni na sukari hupungua, kuta za mishipa huvuja, ubongo huvimba. Hiyo ni sehemu moja ya madhara. Sehemu nyingine hutoka kwa kinga ya mwili yenyewe, ambayo inapigana na adui aliye upande wa pili wa ukuta lakini makombora yake yanafika ndani.

Ili kuelewa kwa nini makombora hayo yaharibu kumbukumbu, na si uwezo wa kuona au kupumua kwa mfano, inabidi kujua kwamba kinga na kumbukumbu hutumia vifaa vilevile. Ubongo una askari wake wa kudumu, seli ziitwazo mikroglia, ambazo ni takriban moja kati ya kila seli kumi za ubongo. Mtoto anapokua, mikroglia hupogoa miunganiko ya neva isiyotumika ili inayotumika ipate nguvu. Alama zinazozionyesha kipi cha kuondoa ni protini za kundi la komplimenti, zilezile ambazo kwenye damu huwekwa juu ya bakteria ili waliwe. Kisha kuna sitokini, yaani ujumbe wa kikemikali ambao seli za kinga hutumiana. Tatu kati ya hizo hutajwa kila mara: interlukini-1, interlukini-6 na TNF. Katika hali ya kawaida ubongo hutoa kiasi kidogo cha TNF ili kurekebisha sauti ya miunganiko ya neva, isiwe juu mno wala chini mno. Interlukini-1 nayo hutolewa kidogo kwenye hipokampasi, sehemu inayopokea kumbukumbu mpya, wakati mnyama anapojifunza. Ukiizuia kabisa, panya hakumbuki alichofundishwa. Ukiizidisha, hakumbuki pia. Ni kama chumvi kwenye mchuzi: haiwezi kukosekana, na ikizidi chungu kizima kinamwagwa.

Kuna ushahidi mwingine unaovunja imani ya zamani kwamba ubongo umejitenga na kinga. Mwaka 2004 ilionyeshwa kwamba panya wasio na chembe T, ambazo ni aina ya chembe nyeupe za damu, hujifunza vibaya kutafuta jukwaa lililofichwa majini, na wakirudishiwa chembe hizo wanajifunza vizuri zaidi. Chembe T zenyewe hazikai ndani ya nyama ya ubongo, zinakaa kwenye utando unaoufunika. Na mwaka 2015 makundi mawili ya watafiti yalieleza mishipa ya limfu, yaani njia za kupitisha majimaji na chembe za kinga, kwenye utando huo, mishipa ambayo vitabu vya anatomia vilikuwa vimesema haipo.

Kwa binadamu, jaribio lililo wazi kuliko yote kwa mtu asiye mtaalamu lilifanywa Ujerumani na kuchapishwa 2001. Wanaume 20 wenye afya njema walidungwa kipande kidogo mno cha ukuta wa bakteria, nanogramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito. Hawakuwa na ugonjwa wowote, ila kinga yao ilidanganywa kuwa kuna vita. Kwa saa kadhaa kumbukumbu yao ilishuka, na kadiri sitokini zilivyopanda ndivyo ilivyoshuka zaidi. Uingereza nao, 2014, waliona kwamba sindano ya chanjo ya taifodi hupunguza kwa muda uwezo wa kukumbuka mahali vitu vilipo. Hapa tunaomba mtu asitutafsiri vibaya: athari ya chanjo ni ndogo na ya kupita, ilhali ugonjwa inaouzuia ndio unaoweza kuacha alama. Funzo la darasani ni dogo na la moja kwa moja. Siku ya homa, na siku mbili tatu baada yake, usimfundishe mtoto kitu kipya. Mwache asikilize hadithi, achore, arudie anachokijua. Mwalimu anayelazimisha somo jipya kwa mtoto mwenye joto la 38.5 anapoteza muda wa watu wawili.

Sasa turudi kwa malaria. Wale wale wa Kampala walichukua maji ya uti wa mgongo ya watoto waliokuwa wamepoteza fahamu na kupima sitokini. Waliokuwa na TNF nyingi kwenye maji hayo ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na upungufu wa neva miezi 3 baadaye, na ndio waliopata alama za chini zaidi za umakini miezi 6 baadaye. Mtu yeyote akisoma hivyo anasema: basi tuizuie TNF. Wazo hilo lilishajaribiwa Gambia, na matokeo yakatoka 1996. Watoto 610 wenye malaria ya ubongo waligawanywa, nusu wakapewa kingamwili inayofunga TNF. Homa ilishuka haraka zaidi, vifo havikupungua, na waliobaki na ulemavu wa neva wakawa wengi zaidi, asilimia 6.8 dhidi ya 2.2. Huko Thailand, miaka zaidi ya kumi kabla, deksamethasoni, dawa kali ya kutuliza kinga, ilikuwa imejaribiwa kwa malaria ya ubongo: wagonjwa walikaa bila fahamu muda mrefu zaidi na kutokwa damu tumboni kukaongezeka. Ndiyo maana miongozo inakataza steroidi, kundi la dawa ambamo deksamethasoni imo, kwa malaria kali, na ndiyo maana tunakunja uso tukiona deksamethasoni kwenye chati ya mtoto wa malaria eti "kupunguza uvimbe wa ubongo". Upande wa pili wa kosa hilo ni vile vichupa vya "kuongeza kinga" vinavyouzwa stendi na mitandaoni. Mtoto huyu hakuwa na upungufu wa kinga. Alikuwa na kinga iliyowaka kupita kiasi.

Kinacholinda kumbukumbu, basi, ni kufupisha vita. Kila saa inayopunguzwa kati ya homa na dawa sahihi ni saa chache za sitokini, degedege chache, sukari isiyoshuka. Artesunate ya sindano ndiyo dawa ya kwanza kwa malaria kali: miligramu 3 kwa kilo kwa mtoto wa chini ya kilo 20, miligramu 2.4 kwa kilo kwa aliyefika kilo 20 na kuendelea, saa ya 0, ya 12 na ya 24, kisha mara moja kwa siku hadi aweze kumeza. Baada ya hapo lazima amalize dozi kamili ya dawa mseto ya malaria ya kumeza, ya siku 3. Makosa ni mawili ya kila siku. La kwanza, uzito unakadiriwa kwa macho badala ya kupimwa, dozi inakuwa ndogo. La pili, mtoto akizinduka familia inaona mambo yamekwisha, mseto unabaki kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati, na baada ya wiki chache vimelea vinarudi na kuwasha moto upya.

Sukari nayo. Chini ya milimoli 2.2 kwa lita kwa mtoto asiye na fahamu ni dharura. Anapewa dekstrosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kilo, kwenye mshipa, na anapimwa tena ndani ya nusu saa, maana hushuka tena kimyakimya. Pale ambapo wauguzi wawili wanahudumia wodi iliyojaa, kipimo cha pili ndicho kinachosahaulika.

Kuhusu degedege, bado kuna wazee pwani na bara wanaoamini kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa, hivyo kwanza apelekwe kwa mganga afukizwe. Kubishana nao usiku ule hakusaidii. Kinachosaidia ni mhudumu wa jamii kulisema mapema, msimu wa mvua haujaanza: degedege ikipita dakika 5, au ikirudi, ni zahanati kwanza, mganga baadaye ukitaka. Mtoto alazwe ubavu, asitiwe kijiko mdomoni, na mtu mmoja aangalie saa. Hiyo saa ndiyo tutakayoiulizia miezi 6 baadaye.

Kupima kumbukumbu ya mtoto hakuhitaji mashine. Siku ya kuruhusiwa si siku ya kupima. Mtoto bado amelegea na sitokini hazijashuka, utapata picha mbaya kuliko ukweli. Pima baada ya mwezi mmoja, halafu miezi 6, mwaka, miaka 2. Kipimo kinachotupa habari nyingi kwa dakika chache ni cha kurudia namba. Mtahini anasoma namba moja kila sekunde, kwa sauti bapa: tatu, nane. Mtoto anarudia. Kila urefu una mafungu mawili. Akipata hata moja, unaongeza namba moja. Akikosa yote mawili, unaacha hapo. Kisha zoezi linafanywa kinyumenyume: ukisema mbili, tisa, tano, yeye aseme tano, tisa, mbili. Kwenda mbele hupima zaidi umakini wa papo hapo. Kurudi nyuma hupima kumbukumbu ya kazi, yaani kushika kitu kichwani huku ukikigeuza. Watoto wengi waliopitia malaria ya ubongo huenda mbele vizuri tu. Wanakwama kurudi nyuma, na hapo ndipo mzazi aliyekaa kando huona kwa mara ya kwanza tatizo ambalo alikuwa analiita ukaidi.

Kinachoharibu kipimo hiki ni mtahini. Anaziimba namba kama anasoma namba ya simu, mbili mbili, na mtoto anapewa msaada usiostahili. Anarudia fungu mtoto akisita. Anatumia lugha ya shule kwa mtoto ambaye nyumbani ni Kigiriama au Kiganda. Mama naye anatikisa midomo nyuma ya mtahini. Kabla ya yote, hakikisha mtoto amekula na anasikia: simama nyuma yake umbali wa mkono mmoja, nong'ona majina ya vitu vitatu, ayarudie, sikio moja moja. Malaria kali huweza kuacha upungufu wa kusikia, na mtoto asiyesikia huonekana hana akili. Na usilinganishe alama zake na jedwali lililotengenezwa kwa watoto wa Marekani. Mpime siku hiyohiyo ndugu yake au mtoto wa jirani asiyemzidi wala kupungukiwa zaidi ya mwaka mmoja.

Tusidhani kwamba haya ni ya waliopoteza fahamu tu. Utafiti wa baadaye Uganda ulikuta watoto wadogo waliougua malaria kali yenye upungufu wa damu, bila kupoteza fahamu, nao wakibaki nyuma. Na kuna wale wasiougua kabisa kwa macho, wanaoenda shule kila siku na vimelea damuni. Magharibi mwa Kenya, katika shule za msingi 30, watoto walipewa dawa za kinga za malaria mara moja kila muhula kwa mwaka mmoja, wengine wakapewa vidonge visivyo na dawa. Upungufu wa damu ulikuwa asilimia 6.3 kwa waliopewa dawa na 12.6 kwa wasiopewa, na vipimo vya umakini darasani vilipanda. Alama za mitihani hazikubadilika. Wapo waliolichukua hilo kama ushahidi kwamba dawa hazikufaa kitu shuleni. Sisi tunalisoma tofauti: mtoto aliyekosa msingi wa hesabu kwa miaka mitatu hawezi kuupata kwa mwaka mmoja wa kuwa macho. Umakini unarudi kwanza, masomo yanafuata kama kuna mtu wa kuyarudia naye.

Madini ya chuma yanahitaji maelezo yake, kwa sababu hapa kinga hufanya jambo la ujanja. Wakati wa maambukizi, interlukini-6 huliambia ini litoe homoni iitwayo hepsidini, na hepsidini hufunga mlango wa kuingizia chuma kwenye utumbo na kuficha kilichomo mwilini, vimelea visipate. Kwa hiyo dawa ya chuma inayoanzishwa wodini, siku vita imepamba moto, kwa sehemu kubwa hupita tu. Mama anaona choo cheusi na kudhani dawa imefanya kazi. Lakini chuma hichohicho ubongo unakihitaji kujenga utando wa neva na kemikali za umakini. Uganda walijaribu kuchelewesha kuanza kwake kwa siku 28 baada ya tiba ya malaria, na hali ya damu na chuma baadaye haikuwa mbaya kuliko ya walioanza papo hapo. Mambo mawili tunayosisitiza: kuahirisha si kufuta, basi tarehe ya kuanza iandikwe kwenye kadi kwa wino, na mtoto anayehitaji kuongezewa damu hangoji chochote.

Kuna mazoezi yanayosaidia? Kampala walijaribu programu ya kompyuta ya michezo ya umakini na kumbukumbu kwa watoto waliopona malaria kali, vipindi 16 katika wiki 8, na wakaona maendeleo katika kumbukumbu ya kazi na kujifunza. Kompyuta si lazima iwepo ili kitu kifanyike, ingawa hatuwezi kusema mchezo wa nyumbani una nguvu ile ile. Chukua visoda (vifuniko vya chupa za soda) 12, chora alama 6 ndani, kila alama kwenye visoda viwili. Vigeuze, vichanganye, mtoto afunue viwili viwili akitafuta pacha. Vikikutana anavichukua, visipokutana anavirudisha mahali palepale. Anza na pacha 3, ongeza moja kila anapomaliza mara mbili mfululizo bila kufunua zaidi ya mara mbili ya idadi ya pacha zilizopo. Dakika 15, mara mbili kwa wiki au zaidi, asubuhi kuliko jioni. Acha kabla hajachoka. Kinachoua zoezi hili ni kaka mkubwa anayecheka.

Darasani, mabadiliko ni madogo. Mtoto akae mbele. Maagizo yatoke moja moja, sio "toa daftari, fungua ukurasa wa 14, fanya swali la tatu" kwa pumzi moja. Akimaliza kazi, aeleze kwa maneno yake alichofanya. Fimbo kwa kusahau haifundishi kitu. Hofu huongeza homoni za mfadhaiko, nazo huidhuru hipokampasi ileile ambayo bado inajikarabati. Nyumbani, chandarua chenye dawa kichomekwe chini ya godoro kila usiku, hata wa kiangazi, kwa kuwa malaria ya pili ndani ya miezi hiyo huipa mikroglia sababu ya kubaki macho. Usingizi usipungue saa 9 kwa mtoto wa shule ya msingi. Kumbukumbu za mchana hupangwa usiku.

Na kuna dalili ambazo si za mwalimu wala za visoda, ni za kurudi hospitali. Kati ya siku ya 7 na ya 28 baada ya artesunate, chembe nyekundu zilizosalimika huweza kupasuka kwa wingi: mtoto anapauka ghafla, mkojo unakuwa rangi ya chai ya rangi au kola, anahema kwa kupanda kilima kidogo. Apimwe wingi wa damu siku hiyohiyo. Degedege bila homa, hata moja, hata baada ya mwaka, si malaria iliyojificha. Inaweza kuwa kifafa kilichoachwa na ugonjwa ule, kina dawa zake, na kliniki itataka kujua ilichukua dakika ngapi na ilianzia upande gani wa mwili.